Waridi la Mama, jiwe la Keshero

Shimo la kwanza nililochimbisha kwa ajili ya mawaridi lilimeza udongo wa dola 90. Sisemi kwa mafumbo. Vijana wawili walitwanga jiwe siku tatu kwa mtaimbo na nyundo kubwa, wakapata mfereji wa mita nne kando ya ukuta. Tukaujaza udongo mweusi ulioletwa na gari kutoka upande wa Masisi, nami nikasimama pale mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa. Mvua ya Oktoba ilinyesha mara mbili. Asubuhi ya tatu nilikuta udongo umezama kina cha goti na miche yangu mitano imelala kila mmoja upande wake, kama walevi waliofukuzwa baa. Watu wa Goma mmeshajua kilichotokea. Chini ya nyumba zetu kuna jiwe la volkano, jiwe lina nyufa, na nyufa hazishibi.

Hiyo ilikuwa 2017, na lilikuwa kosa la kwanza tu. Siku hizi watu wanaopita njia yetu hapa Keshero, mtaa wa Goma, huona maua juu ya ukuta, wanapiga hodi, wanataka kujua nilifanyaje. Nikiwaeleza mlangoni nawaeleza nusu, maana chungu iko jikoni. Hapa nimeyaandika yote, pamoja na gharama ambazo baba watoto mpaka leo anadhani zilikuwa dola 60.

Niseme kwanza kwa nini mtu mwenye akili timamu anunue udongo ili apande kitu kisicholiwa.

Mama alikuwa na mche mmoja wa waridi, roza kama tunavyozoea kusema huku, kwenye nyumba yetu ya zamani karibu na uwanja wa ndege. Uliegemea ukuta wa mbao upande wa jiko. Bustani hatukuwa nayo. Mche uliishi kwa maji yaliyooshewa mchele. Mama alikuwa fundi wa kushona, na karibu kila mwanamke aliyekuja kupimwa nguo aliomba tawi na kupewa. Nilichukia sana. Niliona mche unakatwa kila wiki, nikadhani utaisha. Mama alikata kwa mkasi uleule wa kitambaa, jambo ambalo kwa fundi ni dhambi, akafunga tawi kwa kipande cha kitenge kilicholowa, akasema neno lake moja: "Usiliweke juani."

Ikikaribia Sikukuu ya Mwili wa Kristo, ile ya maandamano yetu Wakatoliki, mche ulikuwa wangu. Sisi wasichana wadogo tulitembea mbele ya Sakramenti tukiwa na vikapu: hatua tatu, rusha petali, hatua tatu, rusha. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa na Mama tukivua maua petali moja moja juu ya ungo, na asubuhi chumba kizima kilinukia. Ile harufu ndiyo iliyonigharimu. Ilikuwa tamu kidogo, na ndani ya utamu mlikuwa na kitu kama majani makavu ya chai. Kila mwaka nilitia petali mbili mdomoni Mama akiwa ameinama.

Januari 17, 2002, siku ya Alhamisi, volkano ya Nyiragongo ilipasuka na moto ukaingia mjini. Nilikuwa na miaka 12. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, tukiwa na godoro, sufuria mbili, na Mama amebeba mashine ya kushona kichwani. Tuliporudi hatukupata hata pa kusimama tuseme mlango ulikuwa hapa. Jiwe jeusi lilikuwa limefunika kila kitu kuanzia huko juu hadi ziwani, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu limeteketea, na chini bado kulikuwa na joto la kufanya ndala zinate. Mama alihesabu hatua kutoka mahali alipodhani ni barabara, akasimama, akatazama, tukaondoka. Baadaye tulihamia Ndosho. Alishona, alipanda lengalenga (mchicha) kwenye madebe, lakini waridi sikuliona tena kwake. Alifariki 2016.

Mwaka uliofuata nyumba yetu ya Keshero ilipata bati, na nikaamua kwamba mbele yake kutakuwa na roza kama ya Mama.

Sasa turudi kwenye pesa. Miche mitano niliinunua ng'ambo, Gisenyi, kwa dola 7 kila mmoja, ikiwa kwenye mifuko ya plastiki na imechanua vizuri. Dola 35. Udongo 90. Vijana wawili, dola 5 kila mmoja kwa siku, siku tatu: 30. Samadi ya mbuzi dola 8. Dawa ya wadudu 6, na hiyo nitaieleza. Jumla dola 169, kabla ya kuona ua moja lililozaliwa kwangu.

Mche mmoja kati ya ile mitano ulikuwa wa njano wenye kingo za pinki. Muuzaji aliniambia unaitwa Peace, yaani Amani. Nilisoma baadaye kwamba waridi hilo lipo kweli, kazi ya Mfaransa Francis Meilland, na kwamba Wamarekani walilitangaza kwa jina hilo Aprili 29, 1945, vita vya Ulaya vikiwa vinaelekea ukingoni. La kwangu liliishi wiki 11. Goma na amani, mnajua wenyewe.

Kosa kubwa la siku ile halikuwa bei. Nilichagua kwa macho. Nilikuwa natafuta harufu, lakini mbele ya yale maua makubwa yaliyonyooka nilisahau hata kuinama. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoweka pua: mawili yalinukia kidogo sana, matatu yalinukia maji. Mawaridi mengi ya kisasa ya kukatwa na kuuzwa yamechaguliwa yadumu kwenye chombo na kwenye ndege, na harufu mara nyingi imeachwa njiani. Ukienda kununua, inama. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana mchana hata waridi zuri hunukia kwa uvivu.

Baada ya mfereji kumeza udongo nilipata wazo jingine, baya zaidi. Nyuma ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu, upande wa ziwa, palikuwa na bonde dogo la asili lenye udongo kidogo uliokusanywa na mvua. Nikasema, basi, Mungu ameshachimba. Nilikuwa nimeshika jembe pale mzee wa jirani aliponiita kutoka upande wake wa ukuta.

"Mutoto wangu, ulishaona kuku analala pale?"

Sikuwa nimeona. Akaniambia wa kwake wawili walilala, hawakuamka. Mazuku. Nimezaliwa Goma na neno hilo nimelisikia tangu utotoni, lakini nilikuwa nalifikiria kama jambo la Bulengo au la porini, si la nyuma ya jiko langu. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haina harufu, na hukusanyika mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi lolote, lakini mtoto akiinama kuokota mpira ni habari nyingine. Tulijaza lile bonde kwa mawe wiki hiyohiyo, na wanangu nikawapiga marufuku kona ile. Kama unaishi magharibi ya mji na una shimo au bonde kwenye parseli, waulize wazee kwanza kabla ya kulima, na ujitazamie: nyasi zimenyauka pale tu? Kuna mijusi au panzi waliokufa? Ondoka.

Dawa ya tatizo la udongo nilikuwa nimeikalia. Mawe. Badala ya kuchimba jiwe, nilijenga juu yake. Kuta za mawe makavu, bila saruji, kimo cha sentimita 60, upana wa mita moja, kama tunavyojenga kuta za parseli zetu zote. Chini kabisa niliziba nyufa kwa mawe makubwa, juu yake madogo, juu yake kokoto, kisha magunia mazee na majani makavu ya migomba, ndipo udongo. Maji yanapita, udongo unabaki. Tangu 2018 nimeongeza karai chache tu kila mwaka. Vijana walinijengea kwa siku moja na nusu, na mawe hayakunigharimu hata franka moja kwa sababu yalikuwa yale niliyolipia kuyatoboa.

Kufikia hapo mche mmoja ulikuwa umeshakufa, yule Amani. Wa pili niliuua mwenyewe kwa samadi. Nilikuwa nimeambiwa waridi linapenda samadi, nikaipakia mbichi, bado ina joto, hadi kwenye shina. Mizizi iliungua. Samadi iache miezi mitatu au minne chini ya turubai, igeuzegeuze. Ukiishika ikawa inanuka udongo badala ya mbuzi, iko tayari. Na usiiegemeze kwenye shina.

Kiangazi cha 2018 majani ya mitatu iliyobaki yalianza kuwa ya njano, lakini mishipa yake ikabaki ya kijani, kama mtu amechora kwa kalamu. Nikaongeza majivu ya makala, maana kila mtu husema majivu ni mbolea. Yakazidi kuwa ya njano. Nikaongeza maji, bidoni (madumu) mbili kila jioni, zimepandishwa kutoka ziwani. Yakazidi. Kijana mmoja aliyesomea kilimo, anayesali nasi, alikuja akapima hali kwa kutazama tu, akauliza: maji ya wapi, na majivu kiasi gani? Kisha akacheka. Waridi linataka udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) 6 hadi 6.5. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu 9, yaani kinyume cha uchachu. Ndiyo maana hata sabuni inajisikia tofauti ukioga nayo. Majivu nayo yanavuta upande uleule. Nilikuwa nimeufunga mlango wa chakula: chuma kipo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua tena, na jani linageuka njano. Nilikuwa nalisha mgonjwa kile kilichomfanya augue.

Niliacha majivu kabisa. Nikaweka mfereji wa bati na pipa, nikaanza kunyweshea maji ya mvua, nikafunika udongo kwa mboji na majani makavu. Majani yale ya njano hayakurudi, yalianguka, lakini mapya yalitoka ya kijani baada ya kama miezi miwili. Miaka ile, kabla ya 2021, ziwa la moto lilikuwa bado linachemka kule juu kwenye kreta na moshi ukashuka pande zetu siku nyingine; watu wa Rusayo walilalamika mvua yake inaunguza maharagwe. Siku za moshi niliacha mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika, nikakinga ya baadaye. Kiangazi kikiwa kirefu na pipa likaisha, bado nanywesha ya ziwani. Kidogo haiui.

Madoa meusi. Hili ndilo ugonjwa wa waridi ambao hutauepuka Goma, kwa hiyo afadhali ujue linavyofanya kazi. Doa la duara jeusi lenye kingo zilizochanika, jani linakuwa njano pembeni yake, linaanguka. Mche unabaki fimbo zenye miiba. Ni ukungu, na unahitaji jani liwe na maji kwa kama saa saba mfululizo ndipo uingie. Sasa fikiria mimi, nanyunyizia kutoka juu kwa kopo saa 12 jioni, kwa upendo, jani linakaa limelowa hadi asubuhi. Nilikuwa naukaribisha ukungu na kuuandalia kitanda. Siku hizi namwagilia asubuhi, chini, kwenye udongo, jani lisiguswe. Majani yenye madoa naokota yote, hata yaliyoanguka, nayachoma. Kwenye mboji siyatii. Mche na mche uwe mbali, mita moja hivi, upepo upite. Mvua za Aprili na Novemba zitaleta madoa hata ufanyeje. Okota, subiri, usilie.

Na ile dawa ya dola 6. Niliona vidukari, vile vijidudu vya kijani vinavyojipanga kwenye chipukizi laini, nikakimbilia dukani nikauziwa chupa isiyokuwa na karatasi ya maelezo. Nilipiga asubuhi. Mchana niliokota nyuki waliokufa chini ya mche, na mwanangu wa mwisho alikuwa akicheza palepale. Nilimwogesha mara tatu, mikono ikinitetemeka. Hakupata kitu, lakini chupa ile niliizika. Vidukari wanaondoka kwa vidole na maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukirudia kila baada ya siku chache. Usiniulize jina la dawa, silijui, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Mwaka 2020 ulinipa furaha ya uongo. Mche mmoja uliokuwa dhaifu ulitoa chipukizi kutoka chini, nene, zenye nguvu, zikapita dirisha. Nilijisifu kwa majirani. Yalipochanua yalikuwa maua madogo meupe ya petali tano, na ule mche mwekundu nilioununua ulikuwa umekauka katikati ya hizo fimbo. Kumbe miche mingi ya kununuliwa imeungwa: juu waridi zuri, chini shina la waridi la porini lenye mizizi imara. Chipukizi likitoka chini ya kile kifundo cha maungio ni la yule wa chini, na usipoling'oa atamla aliye juu. Wengine hutambua kwa kuhesabu majani, lakini hesabu hiyo hudanganya. Fukua udongo ufuate chipukizi hadi linapotoka. Kama ni chini ya kifundo, livute ling'oke na kisigino chake. Ukilikata kwa mkasi linarudi likiwa mawili.

Kwa hiyo baada ya miaka minne na dola 169 nilikuwa na waridi la pinki lisilonukia, jingine la porini, na mume aliyeanza kuuliza kwa nini tusipande vitunguu.

Jumamosi ya Mei 22, 2021, anga liligeuka jekundu tena. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi haikutulia. Ilitikisika siku nzima, usiku mzima, kuta zikapasuka. Alfajiri ya Mei 27 gavana alitangaza kartye (mitaa) 10 ziondoke. Keshero haikuwa kwenye orodha. Nani angebaki kuhakikisha? Tulitembea na watu wote kuelekea Sake, tukalala kwenye veranda, tukafika Minova, kisha Bukavu, mtaa wa Panzi, kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili. Mawaridi sikuyawaza hata mara moja.

Jumapili ya Juni 6 ilikuwa Mwili wa Kristo. Nilikwenda misa ya parokia ya jirani kwa sababu ndani hamkuwa na nafasi ya kukaa. Maandamano yalizunguka uwanja wa kanisa tu. Wasichana wadogo walipita na vikapu, hatua tatu, rusha. Petali moja ilinata kwenye ndala yangu. Nilipoinama kuitoa, ile harufu ilinipiga usoni, nikabaki nimeinama hivyohivyo hadi mama mmoja akaniuliza kama naumwa.

Petali zilitoka kwa bibi mmoja wa kwaya ya zamani, anayekaa Nguba. Yaya alinipeleka kesho yake. Bibi alinitazama, akamtazama yaya, akasema, "Watoto wa fundi!" Aliimba na Mama kabla Mama hajaolewa na kuhamia Goma. Waridi lilikuwa kando ya choo cha nje, kubwa kuliko mlango, halijawahi kuonja mbolea ya duka, limesimama kwenye ule udongo mwekundu wa Bukavu unaonata kwenye viatu. Akatuambia ni Mama aliyempa tawi, alilolitoa kwenye bustani ya watawa walikokuwa wanafunzwa kushona.

Kisha akaniuliza: "Yale matawi niliyomtumia kwa boti baada ya moto, yalishika? Hakuniambia."

Mwaka wa 2003, alisema. Mama ndiye aliyeomba.

Nakumbuka nyumba ya Ndosho. Nakumbuka dirisha, na kopo la maziwa ya unga lenye vijiti vikavu ndani. Nakumbuka pia siku nilipovichomoa, nikavitupa jikoni, nikaliosha kopo nipate kupimia maharagwe. Mama aliporudi alitazama dirishani, akauliza kopo liko wapi, nikamwonyesha. Hakusema kitu. Bibi wa kwaya nilimjibu kwamba sijui.

Kwa hiyo huu ni ushauri wangu ninaousisitiza kuliko mwingine wowote humu: kijiti cha waridi kinaweza kukaa wiki tano, sita, bila jani hata moja na kisiwe kimekufa. Kwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, kirudishe mahali pake.

Nilirudi Goma na matawi 12. Tulikata asubuhi, kwenye vishina ambavyo ua lake lilikuwa limetoka kupukutika, unene wa penseli, urefu wa kiganja kimoja, kata ya mshazari chini kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea. Majani ya chini tuliondoa, tukaacha mawili juu. Bibi aliyafunga kwenye gazeti lililolowa na majani ya mgomba, nikayaweka kwenye ndoo iliyofunikwa, na kwenye boti niliikumbatia ndoo muda wote wa safari huku begi la nguo likipigwa na maji.

Nyumbani nilichekecha mchanga mweusi wa volkano, nikauchanganya nusu kwa nusu na udongo mzee. Mchanga huu tunaoulaani unapoingia viatuni ni mzuri kwa kuotesha, hautuamishi maji. Kila kijiti kilizama hadi nusu, na juu yake chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako, kifuniko kimefunguliwa kidogo. Kivulini, upande wa asubuhi. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Wiki ya tatu vinne vilitoa majani, nikafurahi, nikakivuta kimoja nione mizizi. Ilikuwa mitatu, myeupe, mirefu kama sindano, na yote ilikatika mkononi. Jani jipya halimaanishi mizizi iko tayari. Kijiti hula akiba yake kwanza. Subiri wiki nane, kisha vuta taratibu sana; kikishikilia, kiache.

Kati ya 12 vilishika vinne. Kimoja kililiwa na mbuzi wa jirani. Vitatu vipo, kwenye kuta zangu za mawe, na haviwezi kugeuka vya porini kwa sababu mizizi na maua ni mwili mmoja.

Kazi yake sasa ni ndogo. Huku kwetu hakuna baridi ya kulaza waridi, kwa hiyo unalilaza wewe kwa mkasi: mwisho wa Agosti, kabla ya mvua, napunguza theluthi moja, nikikata juu ya jicho linalotazama nje, na matawi yanayogombana katikati nayatoa. Kutoka siku ya kukata hadi kuchanua ni kama wiki saba. Kwa ajili ya maandamano nahesabu kurudi nyuma kutoka sikukuu na kukata maua ya zamani ipasavyo. Binti yangu hubeba kikapu. Sijamuuliza kama anakula.

Januari 2025 vita vilipoingia mjini na maji na umeme vikakatika kwa siku kadhaa, nilikuwa na bidoni mbili kwa watu wanane. Waridi lilipata maji ya kuoshea mchele, kama la kwanza, na siku nyingine halikupata kitu. Linavumilia kuliko nilivyodhani, likishazoea.

Yaya alikuja kututembelea baada ya boti kuanza tena. Nilimngoja afike wakati maua yako wazi. Alisimama mbele yake, bado ameshika begi, akainama, akavuta harufu muda mrefu sana.

"Hapana, mudogo," akasema. "Ya Mama ilikuwa nyekundu kupita hii."

Tulibishana hadi chakula kikapoa. Picha pekee tuliyonayo ya nyumba ile ni ya nyeusi na nyeupe, na mahali pa waridi pamesimama shangazi. Siku ya kuondoka nilimkuta kando ya ukuta na mkasi wangu wa jikoni mkononi, amekwisha kukata matawi matatu, ananiomba kipande cha kitenge cha kulowesha.